Itifaki ya Kukaribisha Wageni wa Tovuti

Ilitangazwa rasmi mjini Ruiru kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna tovuti ndogo itakayovamiwa na wageni kabla wageni hao hawajakaribishwa kiitifaki. Bwana Njau, kaimu mkurugenzi wa idara husika, alisoma tangazo hilo kwa sauti nzito. Ukaimu ulikuwa umemchosha. Kazi hii ikienda vizuri, angethibitishwa.

Chanzo cha yote alikuwa Wangechi, mwokaji wa Gatongora. Mwanafunzi mmoja wa Kahawa Wendani alirekodi keki yake yenye umbo la mbuzi, video ikasambaa, watu wakaifungua tovuti ya Wangechi wote kwa mpigo. Tovuti ikazirai.

"Boss, mimi nahitaji tu server kubwa kidogo," Wangechi alisihi. "Oda za Saturday zimekwama huko ndani!"

"Mama, shida si server. Shida ni adabu," Njau akamjibu. "Mgeni anaingiaje kwako aanze kuangalia keki kabla ya maombi?"

Utaratibu ukawekwa. Kila aliyefungua tovuti alipokelewa kwa maombi, kisha utambulisho wa waheshimiwa, kisha hotuba ya Njau, ambayo haikuwezekana kuiruka. Wateja walitoroka kabla hajamaliza salamu.

"Ngai! Sasa hakuna hata mtu mmoja!" Wangechi alimlilia Mungu.

"Umeona?" Njau alisema kwa furaha ya kweli. "Msongamano umeisha."

Wangechi alihamishia biashara yake WhatsApp, akaendelea kuoka.

Ndipo Katibu, mwenye kutia sahihi ya kuthibitisha watu kazini, akapiga simu. "Njau, nimesikiza mpaka mwisho. Mbona sijatambuliwa?"

Jina lake likaongezwa upesi kwenye utambulisho. Habari zikaenea maofisini, na kila mkubwa kutoka Ruiru hadi Thika akafungua tovuti kusikiliza kama ametajwa. Asiposikia jina lake, alifunga na kufungua upya. Kufikia saa ya chakula tovuti ilikuwa imezirai tena, vibaya kuliko mwanzo.

Katibu aliita mkutano, akagonga meza. "Hawa wahuni waliojaza tovuti ni akina nani? Wasomwe majina hapa hapa, mbele ya watu!"

Njau alikuwa ameshaonyeshwa na fundi wa tovuti orodha ya wote walioifungua. Kudanganya hakukuwa kipaji chake. Kutambua wageni ndiko alikokuweza. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Itifaki ikizingatiwa," alisema, "naomba nianze na wewe, mheshimiwa Katibu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi, kwa mazoea.