Fundi Vigae Azuru Magofu

Jumapili, 10 Mei

Siku ya tatu baharini. Sijatapika tangu jana mchana. Maendeleo!

Mke wangu amesema daftari hili lisiwe la malalamiko matupu, nianze na shukrani. Haya. Namshukuru shemeji, kaka yake mke wangu, mpishi wa meli hii kwa miaka kumi na tisa. Aliruhusiwa kuleta ndugu wawili, akatuleta sisi. Mwaka jana mke wangu alipasuliwa nyonga, akalala miezi saba akihesabu mbao za dari. Nilimwahidi siku akisimama nitampeleka mahali pazuri. Akasimama. Mimi nikawa sina pa kumpeleka. Shemeji akanifichia aibu.

Ameniomba jambo moja tu. Tukifanya vituko humu, atakayeitwa mbele ya mkuu wa jiko ni yeye. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema hakuwa nao mpaka niliposema hivyo.

Sasa malalamiko. Mezani tumekalishwa pamoja na Mfamasia. Mstaafu, kofia pana, anajua kila kitu. Alijua supu ina nini kabla kijiko hakijafika mdomoni. Leo akatuambia keshokutwa tutashuka kutazama magofu ya mji wa kale, sakafu zake zimekaa miaka elfu mbili, ilhali fundi wa siku hizi kigae chake hubanduka yeye bado anakoroga chai. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilikuwa nimemtajia kazi yangu dakika mbili tu nyuma. Miaka ishirini na sita naweka vigae! Vyoo, majiko, ngazi za benki mbili!

Sikumjibu. Heshima. Isitoshe mdomo ulikuwa umejaa.

Jumatatu, 11 Mei

Nimepata mpango. Niliamka nao kichwani kama mtu aliyeletewa barua.

Karakana yangu haina picha kwenye kibao. Nitapiga picha nimepiga goti kwenye sakafu ya kale, mwiko mkononi, uso wa mtu anayewaza. Chini sitaandika neno. Mteja akidhani sakafu ile niliiweka mimi, hilo litakuwa shauri lake. Na picha hiyo ataanza kuonyeshwa Mfamasia, wakati wa supu.

Mwiko ninao. Nilipoupakia nyumbani mke wangu aliuliza wa nini. Nilimjibu kwamba mtu hasafiri akaacha mkono wake.

Leo nimefanya mazoezi ya goti kabini. Mlango ukafunguka ghafla, mke wangu huyo. Nikasema nilikuwa nasali. Akaguswa! Yeye goti haliwezi bado, kwa hiyo akakaa kitandani, akafumba macho, akasali pamoja nami. Akashukuru kwa nyonga yake. Akashukuru kwa kaka yake. Kisha akashukuru kwa ajili yangu, kwamba nilimkogesha na kumsuka nywele kwa miezi saba na sikununa hata siku moja.

Nilinuna. Jikoni, kimyakimya. Lakini nikaitikia amina.

Nikajiona mdogo kama punje ya mchele. Mpango sikuufuta.

Jumanne, 12 Mei

Naandika nikiwa kitandani. Kiuno kinawaka moto. Nieleze kila kitu kwa utaratibu.

Tulitia nanga asubuhi. Basi likatuchukua mwendo wa saa moja hadi magofuni. Mwongoza watalii ni mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza na mwavuli wa manjano, anaunyanyua juu ili tusipotee. Nimempa jina Mama Mwavuli. Akatutajia saa: basi linaondoka saa nane kamili, meli inang'oa nanga saa kumi. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alinitazama mimi. Sijui watu wananionaje.

Pigo la kwanza: langoni mlinzi aliuona mwiko. Akauliza nataka kujenga nini. Akauchukua, akanipa kikaratasi cha kuudai nikitoka. Mfamasia alikuwa nyuma yangu. Alikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Sikukata tamaa. Mke wangu hawezi kuinama kuvaa viatu, hutembea na kijiko kirefu cha chuma cha kuvalia viatu. Kwa mbali, na mwanga ukiwa mzuri, ni mwiko kabisa. Nikakihamisha kutoka mkoba wake hadi mfuko wangu.

Mji wenyewe, niseme kweli, unanyamazisha. Barabara ya mawe yenye alama za magurudumu. Duka lenye shimo la kuwekea mtungi. Mke wangu akitembea na mkongojo wake pole pole, akigusa kila ukuta. Alisema watu hawa nao walikuwa wanamwambia mtu mlangoni apanguse miguu. Mama Mwavuli akacheka, tangu hapo akawa anamsubiri kila kona.

Mwisho tukafika nyumba ya tajiri. Sakafu hiyo! Vijiwe kama punje za mahindi, maelfu kwa maelfu, vimepangwa vikawa samaki. Watalii husimama nyuma ya kamba tu. Mama Mwavuli akasema haikanyagwi na mguu wa mtu yeyote, hata wa rais. Nami nilikubaliana naye. Mimi ni fundi, siwezi kukanyaga kazi ya mwenzangu. Lakini niliona kwenye kona, chini ya ukuta, tundu la mtaro wa kale wa maji linalotokea uani. Pale sakafu imekatika, pamebaki mchanga. Nikitambaa humo nitatokea pembeni ya samaki bila kugusa kijiwe hata kimoja.

Kundi lilipoanza kuelekea kwenye mabafu ya kale, nikamwambia mke wangu naenda msalani. Simu nikaiegemeza juu ya ukingo wa dirisha, nikaiamuru ipige picha kumi yenyewe. Nikazunguka uani. Nikavua viatu. Nikaingia mtaroni kichwa mbele.

Kichwa kilipita. Mabega yalipita. Kiuno kikakataa.

Nikasukuma. Kikakataa. Nikarudi nyuma. Kikakataa huko nako! Nusu yangu ya juu iko kwa tajiri, nusu ya chini iko uani na soksi. Simu inalia ka, ka, ka, inapiga picha. Kisha nikasikia ufunguo. Mlinzi alikuwa anafunga nyumba, maana jua la saa saba hadi saa tisa likiwa kali hawaruhusu mtu ndani. Nikaita. Kwanza kwa sauti ya chini, kwa ajili ya aibu. Nilipoamua kuiacha aibu, alikuwa ameshakwenda.

Saa mbili nzima. Pua yangu na mkia wa samaki, shubiri moja katikati. Sikuwa na kingine cha kutazama.

Na hapo ndipo nilipoliona. Safu ya vijiwe vya buluu ilikuwa imekwenda upogo! Fundi yule alikosea kipimo tangu ukutani. Kila safu ikazidi kupinda, na alipofika kona nafasi ikawa imembana. Akafanya nini? Akaukunja mkia wa samaki. Samaki wengine wote mikia imenyooka, huyu wa kona peke yake amepinda kama anageuka kukutazama. Watu wanapita wanasema samaki mzuri. Mimi nimefanya hivyo hivyo kwenye bafu la daktari mmoja, nikaweka kigae chenye ua kuficha kosa.

Nililia kidogo. Sijui kwa nini. Mtu wa miaka elfu mbili, nami namjua kuliko ninavyomjua jirani yangu. Nadhani na yeye alikuwa na mke nyumbani aliyemwambia aache ujanja.

Ndipo simu ikaanza kuita. Mlio wa simu yangu ni jogoo. Jogoo akawika, akanyamaza, akawika. Nilijua ni mke wangu. Mkono ulifika nusu ya njia. Akawika mara ishirini na mbili.

Kumbe nje basi lilikuwa limeshawashwa injini. Saa nane imepita, dereva anataka kuondoka, abiria wananung'unika. Haya nimesimuliwa na Mfamasia mwenyewe. Mke wangu aliketi kwenye jiwe mbele ya tairi, akanyoosha mguu.

"Haliondoki bila mume wangu," akamwambia dereva. "Ukitaka, kanyaga huu wa kushoto. Una chuma ndani. Tuone nani atapata pancha."

Mama Mwavuli akaomba watu wa kutafuta. Wa kwanza kunyoosha mkono ni Mfamasia. Mfamasia! Na miguu yake ile myembamba. Akazunguka magofu juani, huku mke wangu akipiga simu tena na tena, mpaka akasikia jogoo akiwika ndani ya nyumba iliyofungwa. Akafuata sauti. Akakuta soksi.

"Ni wewe?" akauliza kutoka uani.

Nikasema ni mimi.

"Uko salama?"

Nikasema inategemea.

Yeye na mlinzi wakashika miguu, wakavuta. Suruali ilikuja. Mimi sikuja. Hapo Mfamasia akatoa kopo la marhamu ya kuzuia kuungua na jua, la pekee alilokuwa nalo kwa safari nzima, akanipaka kiuno chote. Nikatoka kama kokwa la embe.

Mama Mwavuli alifika na hasira ya haki. Mlinzi alitaka kunipeleka ofisini, nami nilistahili. Mama Mwavuli akaniuliza nilikuwa nafanya nini mle. Nilitaka kudanganya. Nikajikuta nikimweleza habari za mkia wa samaki. Akaagiza mlango ufunguliwe, akainama kwenye kamba, akatazama muda mrefu. Alisema ameleta watu pale kwa miaka kumi na moja, na huwaambia kwamba samaki yule amegeuka kwa sababu ya mapenzi ya fundi kwa bahari. Akacheka mpaka mwavuli ukamwanguka. Mlinzi akapima vijiwe kwa macho, akaona hakuna kilichotikisika, akanionya kwa sauti kali, akanirudishia mwiko wangu.

Nilipanda basi nimejifunga koti la Mfamasia kiunoni. Suruali ilikuwa imepasuka pande zote mbili. Watu hawakupiga makofi. Mke wangu alinitazama kutoka juu hadi chini, akaomba kijiko chake cha viatu, akanishika mkono. Hakuuachia mpaka bandarini.

Tulifika saa kumi na dakika kumi na moja. Meli ilikuwepo! Shemeji alikuwa amesimama chini ya ngazi na aproni yake, jasho linamtoka, anatuhesabu kwa kidole.

Jumatano, 13 Mei

Siku ya kuomba radhi.

Nimeanza na shemeji. Kumbe meli haikutusubiri kwa bahati. Shemeji aliacha sufuria za chakula cha jioni, akapanda hadi kwa nahodha, akasema dada yake yuko nje na ametoka kitandani juzi juzi tu. Hakuwahi kuomba kitu kwa miaka kumi na tisa. Nahodha akampa robo saa. Kwa kuacha sufuria, mkuu wa jiko amemhamishia kwenye vitunguu kwa wiki nzima. Nikamkuta anamenya na machozi yakimtiririka. Nikasema nisamehe, shemeji. Akasema machozi ni ya vitunguu, nisijipe umuhimu. Nikavuta kiti, nikamenya naye asubuhi yote. Tulipomaliza gunia akaniuliza kama kweli dada yake alimwambia dereva yale maneno ya chuma. Nikamwambia ni kweli. Alicheka akafuta macho kwa kiwiko.

Kisha Mfamasia. Pua na masikio vimeungua na kuanza kubambuka, kwa sababu marhamu yake yote iko kiunoni kwangu. Nilimpelekea koti lake, nimelifua na kulipiga pasi. Nikamwambia ameniokoa. Akasema amefanya kazi duka la dawa miaka arobaini, na hakuna siku aliyofurahia kama jana. Mke wake alifariki mwaka juzi. Safari hii walikuwa wameipanga wawili. Huzungumza sana mezani, alisema, kwa sababu akinyamaza kiti cha pembeni kinasikika.

Nami nilikuwa nikihesabu makosa yake wakati wa supu!

Mke wangu amehamisha kiti chake. Sasa Mfamasia anakaa katikati yetu. Leo alieleza samaki kuanzia mapezi hadi mifupa, nami nilimuuliza maswali.

Picha kumi nimezitazama. Tisa ni ukingo wa dirisha, maana simu iliteleza. Moja ni kichwa cha mtu kinachotoka ukutani, mkono umeshika kijiko cha viatu, kinatazama mkia wa samaki mdomo wazi. Mke wangu ameipenda. Amesema hajawahi kuona uso wangu ukiwa hauna hila.

Nina watu wa kunitosha. Sina haja ya ujanja tena maisha yangu yote.

Alhamisi, 14 Mei

Moyo umejaa shukrani mpaka sikupata usingizi mzuri wa mchana. Nimewashukuru wote isipokuwa nahodha. Mtu kama yule hushukuriwa kwa maneno? Hapana. Kwa kazi ya mikono.

Na nimeiona kazi. Bwawa la kuogelea lina vigae vinne vimepasuka kwenye kona ya kina kirefu. Kesho alfajiri linakaushwa lisafishwe, na saa mbili asubuhi linajazwa maji. Nilimuuliza mtu wa bwawa kwa upole. Akasema nisiguse, kuna fundi wa kampuni atakuja mwisho wa safari. Maskini, hajui anaongea na nani. Yeye huenda kunywa chai saa kumi na mbili, hukaa nusu saa. Nimemchunguza leo.

Gundi ninayo kwenye begi. Kwenye kopo wameandika ikae siku nzima kabla ya kuguswa na maji, lakini hayo huandikiwa wanaoanza kazi. Ngazi ya bwawa huondolewa wakati wa usafi. Nitateremka kwa shuka. Kupanda nitajua nikiwa chini. Shemeji sijamwambia, nataka naye ashangae.

Nimemwambia mke wangu kwamba kesho nitaamka mapema, peke yangu, nikatazame jua linavyochomoza. Akaniangalia kwa muda, macho yakamlengalenga. Amesema safari hii imenibadilisha.

Nimekubali.