Mashine Iliyovaa Kofia

Jumatatu, 3 Februari 2025

Joto la kaskazi. Hata kuta zinatoka jasho. Mpakato wangu, hii kompyuta ya mapajani, umezimika tena, mara ya tatu tangu asubuhi.

Nieleze, maana shajara isiyoeleza ni orodha ya sokoni tu. Chama cha Washona Kofia, ambacho mke wangu Mwanabaraka ndiye mwenyekiti wake, kinatimiza miaka thelathini Jumamosi hii. Mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, nilijitolea kuwatengenezea filamu. Picha mia mbili na sita. Dakika ishirini na mbili. Kuzigeuza picha kuwa filamu ni kazi ya saa tano kwa mashine. Kabla ya saa moja kutimia inakuwa moto kama kikaango, feni ya ndani inanguruma, kisha giza. Kazi inaanza upya.

Alasiri, barazani, jirani yangu Kaizar, anayewauzia akina mama nyuzi, aliniuliza mbele ya watu sita: "Mwalimu, ushafungua kinu cha mahindi humo ndani? Ukuta wangu unatetemeka." Watu walicheka. Nikajibu kwa utulivu kwamba Jumamosi wataiona filamu, na hadi siku hiyo hawatasikia hata mnong'ono. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimeshasema.

Hatua ya kwanza: nimeulaza mpakato juu ya godoro la sufi, kwani kitu laini humeza sauti. Nimeuacha ndani ya vazi lake. Vazi hilo ni zawadi ya Mwanabaraka, limeshonwa kama kofia ya viua, vitobo vidogo mia kadhaa, likatiwa wanga hadi likasimama lenyewe. Kichwa cha mwanamume hupumua kupitia vitobo kama hivyo mchana kutwa. Mashine haina sababu ya kulalamika.

Dakika arubaini. Giza.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda Bondeni kwa Kadenge, fundi wa kompyuta. Kwa ushauri tu, si kwa matibabu. Aliniamkia kwa adabu, akanipa kiti, akaupapasa mpakato kama daktari apapasavyo tumbo la mtoto. Kisha akayasema maneno yasiyopendeza.

Kwamba ndani mna vumbi la miaka saba. Kwamba anahitaji nusu saa, bisibisi na brashi. Kwamba mashine ikae juu ya kitu kigumu, iinuliwe ili ipate hewa kwa chini. Kwamba nifunge kurasa za mtandao nisizozisoma. Alizihesabu: thelathini na nane. Nikamwambia zote nazisoma.

Mwisho akaligusa vazi. Akasema kazi ya mama ni nzuri, lakini kitambaa ni cha tabaka mbili na wanga umeziba vitobo vyote. "Hii umeivisha koti, Mwalimu."

Nilimsomesha baba yake, Ngowa. Ngowa alipata alama kumi na nne kwa mia katika somo la joto. Mtoto hawezi kwenda mbali sana na shina. Nilimshukuru, nikauchukua mpakato wangu, nikarudi nyumbani na vumbi langu.

Jumatano, 5 Februari

Barafu! Jambo rahisi huwa limejificha mbele ya macho. Joto husafiri kutoka penye moto kwenda penye baridi, na hakuna fundi aliyewahi kulizuia.

Muuza samaki alinipa mfuko mzima, akaniuliza nina msiba au harusi. Nikauweka chini ya vazi, na vazi juu ya godoro. Saa moja na dakika kumi bila kuzimika! Rekodi. Wakati mashine ikiendelea na kazi nikarekodi usimulizi wangu papo hapo, ili kuokoa muda. Sauti yangu ilikuwa nzito na ya heshima. Ilinibidi niipaze kidogo, kwa sababu ya feni.

Sikuwa nimezingatia kwamba barafu ilikwisha kulaza samaki, changu na tasi. Nilipofumbua macho baada ya kupumzika kidogo, paka wanne wa mtaa walikuwa wameuzunguka mpakato, wametulia, kama wajumbe wa kamati. Mmoja alikuwa juu ya vibonye, penye joto. Mashine ilikuwa imezimika. Godoro limelowa.

Mwanabaraka ameuliza kwa nini chumba kinanuka kama bandarini. Nimemweleza kanuni za uhamaji wa joto. Ameondoka kabla sijafika ya pili.

Ijumaa... hapana, Alhamisi, 6 Februari

Nimechoka, hata siku zinanipotea.

Mwanabaraka amefukiza udi chumbani kuondoa harufu ya samaki. Nia njema, wakati mbaya. Feni ya mashine imeuvuta moshi wote wa chetezo. Dakika ishirini na tano, giza. Sasa kila nikiiwasha, inanukia kama bibi harusi na kukohoa kama babu yake.

Kaizar amepita mlangoni. Amesema, kwa upole ulioniudhi kuliko kejeli, kwamba kompyuta ya dukani kwake haina kelele hata kidogo, na akipewa picha leo filamu itakuwa tayari kesho. Nikamwambia tunashukuru, hatuna haja.

Mwanabaraka alikuwa nyuma yangu. Alimngoja Kaizar aondoke. Kisha akasema kwamba wenzake wanane waliomo katika picha zile wameshatangulia mbele ya haki, na watoto wao wanakuja Jumamosi kuwaona mama zao. Hajali mashine ya nani. Kesho baada ya swala ya alasiri, filamu isipokuwa tayari, picha zinakwenda kwa Kaizar.

Amesema bila kupandisha sauti. Hiyo ndiyo hatari.

Ijumaa, 7 Februari

Friji.

Sielewi kwa nini sikulifikiria mapema. Ndani mna baridi, na mlango ukifungwa kelele haitoki. Matatizo mawili, kabati moja! Nimetoa maziwa, samaki wa kupaka na bakuli la halua, nikauingiza mpakato saa nne asubuhi, na vazi lake, ili usipate mafua.

Kasoro moja ndogo: waya wa umeme haukuruhusu mlango kufunga. Nikauegemezea kiti, nikaenda kwenye swala ya Ijumaa.

Niliporudi sakafu ilikuwa ziwa. Maziwa yameganda vibaya. Halua imeporomoka. Mpakato ulikuwa umelowa jasho, umezimika. Mwanabaraka aliutoa, akauvua vazi, akaufuta kwa kanga yake, akatoka nao nje. Nikajilaza, nikakubali moyoni kwamba nimeshindwa.

Niliamka alasiri. Kimya. Jikoni, mpakato ulikuwa uchi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, umeinuliwa juu ya mbao, hewa inapita chini. Filamu imefika asilimia tisini na moja, kwa kasi ambayo mashine hii haijawahi kuwa nayo! Feni haisikiki. Nilisogeza sikio: kama pumzi ya mtoto aliyelala.

Kadenge alikuwa ukumbini akinywa chai. Alisema alikuwa akipita tu. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake na kulikuwa na rundo la vumbi kwenye gazeti, lakini mafundi huwa hivyo, hutembea na uchafu wao. Nilimweleza kilichotokea: baridi ya friji haikufanya kazi mara moja, imeingia polepole mpaka kwenye kiini. Alinisikiliza hadi mwisho. "Naam, Mwalimu," akasema. Afadhali kuliko baba yake.

Jumamosi, 8 Februari

Filamu imeonyeshwa. Ukumbi ulijaa. Usimulizi wangu ulikuwa na mngurumo nyuma yake, toka mwanzo hadi mwisho. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini Bi Mwanarusi, mkubwa wao wote, alishika mashavu akasema ameusikia upepo wa mwaka ule walipoanza, waliposhonea uani. Akina mama wakalia. Binti mmoja aliomba picha ya mamake irudishwe, ikarudishwa mara tatu.

Kaizar alinipa mkono. Akasema kinu kimesaga vizuri.

Katika shukrani zake Mwanabaraka alimtaja Kadenge kwa jina, mara mbili. Sikuelewa. Labda kwa kubeba viti.

Jumapili, 9 Februari

Nimeandika mwongozo wa kurasa tatu, "Namna ya Kuipoza Mashine kwa Friji," niwagawie majirani bure. Elimu haifichwi.

Nimepata vazi la mpakato limetupwa nyuma ya kabati. Nimelipeleka kwa dobi akalitia wanga upya, maradufu. Sasa nimeanza filamu ya pili: historia ya mtaa wetu wote, saa mbili kamili. Mpakato umo ndani ya vazi, juu ya godoro. Umeanza kunguruma. Ni uchangamfu.

Kaizar anagonga ukuta. Bila shaka anataka nakala ya mwongozo. Nitampelekea.

Maziwa nimeshayatoa.