Siku Meza ya Bi Utaratibu Iliposhuka Ngazi

Sogeeni, enyi wasomi wa mwaka wa kwanza, nanyi mliochakaa kwa kurudia mitihani. Sogeeni, wapishi, wafagiaji, na maprofesa wenye vyeo virefu kuliko tai zenu. Zimeni simu, tegeni masikio, maana leo nawasimulia vita ambayo vitabu vya maktaba havikuiandika, kwa sababu waandishi wake walikuwa wamekwenda kunywa chai. Aliyeshuhudia ni mimi, mlinzi wa mlango mkuu wa Jengo la Utawala. Anayedhani natia chumvi na aje anipime bega la kushoto, halijakaa sawa mpaka leo.

Palikuwa, basi, na ngome. Ghorofa tatu kwenda juu, ngazi sitini na sita, na kileleni Ofisi ya Msaada kwa Wanafunzi, yenye bango mlangoni lililosema WOTE MNAKARIBISHWA. Lifti ilikuwepo. Lakini wavivu wenye miguu yao mizima waliipanda mpaka ikakata roho mara mbili, ndipo Kamati ya Ujumuishaji ikaketi, ikala biskuti, ikaamua ya kwamba lifti itiwe kufuli, ufunguo utunzwe kule juu, na kila mwenye haja nao afike mwenyewe atie sahihi katika daftari. Sikilizeni hapo tena, polepole. Ufunguo wa lifti uko juu, na anayeuhitaji ni yule asiyeweza kupanda. Watu kumi na mmoja wenye shahada walilipitisha hilo, na hakuna hata mmoja aliyekuna kichwa.

Mtunza ufunguo alikuwa Bi Utaratibu, mama wa miwani ya kamba na mhuri usiotetereka. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alikuwa ameibiwa kalamu nyingi mno. Mwaka mmoja daftari lake lilipotea wiki nzima, likakutwa bwenini limewekewa juu sufuria ya moto. Tangu siku hiyo alilitoboa, akalipitishia mnyororo, na mnyororo akaupigilia kwenye meza. Amri yake tuliijua wote: daftari haliondoki mezani.

Ikawadia siku ya mwisho ya kuomba vyumba vya chini bwenini, na dirisha la maombi lilikuwa lifungwe saa sita kamili mchana. Saa tano na dakika kumi akaingia Injinia. Ndivyo tulivyomwita binti yule wa mwaka wa pili anayesomea umeme, mshika bisibisi, mtuliza nyaya, mwenye kiti cha magurudumu alichokifunga taa na kengele kwa mikono yake mwenyewe. Mapajani alikuwa na fomu moja. Mara mbili alikuwa amewatuma wenzake waipeleke, na mara mbili ilirudishwa: mwenye haja afike mwenyewe. Akikosa chumba cha chini, mwaka mzima atalala ghorofa ya pili, asubuhi ashushwe mgongoni kwa watu, jioni apandishwe. Mwaka uliopita ndivyo alivyoishi.

Nikajitokeza kwa kishindo, nikainama, nikanena, "Binti yangu, mgongo huu umebeba magunia ya kila namna. Panda. Dakika tano tumefika."

"Nakushukuru, baba," akasema. "Lakini mgongoni sipandi tena. Siku waliyoniangusha, walicheka kwanza ndipo wakaniokota. Nikasema basi, imetosha."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Mimi mtu mzima nikaona aibu, nikalinyoosha lile bega nililokuwa nimeshaliinamisha.

Akajisukuma mpaka chini ya ngazi, akainua uso, na sauti yake ikapanda ghorofa moja baada ya nyingine.

"Mama, shikamoo. Niko huku chini. Naomba ufunguo wa lifti."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utie sahihi."

"Sahihi siwezi kuileta bila lifti, na lifti siwezi kuipata bila sahihi. Naomba daftari lishuke."

"Daftari haliondoki mezani, mwanangu. Nikilifungua leo kwa ajili yako, kesho nitalifungua kwa ajili ya nani?"

Hapo ndipo Injinia alipotamka yale maneno, nami naomba mvue kofia.

"Nimekuelewa, mama, wala sitaki uivunje amri yako. Basi ishuke meza. Kama kuna kitu cha kubebwa leo, kibebwe kisicho na haya."

Tukasikia kurasa za kanuni zikifunuliwa, na zilifunuliwa muda mrefu.

"Kuhusu meza," Bi Utaratibu akatangaza hatimaye, "kanuni hazisemi kitu."

Nikapiga mbiu ya jeshi. Akaja Mpishi wa kantini, mwenye kifua cha kabati, aliyeinua masufuria ambayo wengine huyazunguka tu. Akaja Mwalimu wa Takwimu, aliyekuwa anapita zake, mtu ambaye kitu kizito alichowahi kubeba ni hoja. Pamoja nami tukawa watatu, tukapanda juu, na meza ilikuwa na miguu minne. Ilikuwa ya mbao ngumu, ya enzi zile watu walipotengeneza meza kana kwamba zitapigwa mizinga, na droo zake sita zilikuwa zimeshiba. Tukafunga vibwebwe, tukaitia mikononi.

Ghorofa ya tatu tuliiacha kwa ushujaa, ya pili kwa jasho. Kwenye kona ya chini ya hapo meza ikakwama ukutani, ikagoma, nasi tukaishikilia hewani roho mkononi.

"Kwa mujibu wa hesabu zangu," akahema Mwalimu, "tutafika saa sita na dakika saba."

"Mwalimu, beba," akasema Mpishi. "Utahesabu baadaye."

Bi Utaratibu alikuwa nyuma yetu, mkono mmoja juu ya daftari lisiteleze. Akaitazama saa yake. Akachungulia chini, akamwona yule binti ameinua uso na fomu mkononi. Basi mama yule, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kubeba hata faili lisilo lake, akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akaushika mguu wa nne. "Inueni kwanza, ndipo mgeuze," akaamrisha. "Hamjawahi kuhamisha kabati nyinyi?" Ikageuka.

Saa tano na dakika hamsini na sita meza ilikanyaga sakafu ya chini. Injinia akatia sahihi, Bi Utaratibu akauvua ufunguo shingoni.

"Na mhuri wa fomu uko wapi, mama?" akauliza Injinia.

"Droo ya pili."

"Na orodha ya vyumba?"

"Droo ya tatu," akasema Bi Utaratibu, na alipolisikia neno lake mwenyewe akabaki na ufunguo mkononi, lifti haina kazi tena.

Akavuta droo. Akapiga mhuri. Chumba namba nne, cha chini, karibu na mlango.

Na iandikwe, basi, na wajukuu wa wajukuu wasimuliwe, ya kwamba siku ile, zikiwa zimesalia dakika mbili, binti mmoja aliishusha ngome bila kuinuka kitini pake. Mpishi alipiga vigelegele vya kike, nasi hatukumcheka. Mwalimu alilala sakafuni.

Meza haikurudi juu, kwa kuwa hakupatikana wa kuirudisha. Saa nane mchana palikuwa na mstari mbele yake: kijana wa magongo, binti mwenye fimbo nyeupe, mama mwanafunzi na mapacha wake mmoja mgongoni mmoja kifuani, na nyuma yao wengine saba, kila mmoja na haja yake. Bi Utaratibu akawatazama wote mpaka wa mwisho, kisha akaniinamia.

"Miaka yote hii wananiambia wanafunzi hawa hawapo, ndiyo maana hawaji," akaninong'oneza. "Kumbe walikuwa wapi?"

"Hapa chini, mama," nikamwambia. "Walikuwa wanapita hapa kila siku."

Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamwita wa kwanza.