Mahali Pazuri pa Hema Kando ya Kuja

Jumanne, 6 Agosti 1996

Mdomo wangu utaniua. Kanisa letu hapa Ndhiwa linapeleka vijana kambini kando ya mto Kuja. Mzee Omanga, mzee wa kanisa, akauliza nani anaweza kuwaongoza: awafundishe kunasa aluru, wale ndege wadogo wa nyasini, na kulala porini bila kuudhi wenyeji. Jared fundi cherehani akainua mkono. Mellen, atakayepika huko, akamtazama. Nikainua miwili! Nikasema nimewinda tangu utotoni. Uongo mtupu. Mimi Bogonko nauza sufuria. Kuku mwenye vifaranga hunikimbiza mpaka leo.

Mzee ameamua tujaribiwe wote wawili Alhamisi. Atakuja mwenyewe, pamoja na Mellen. Nikiaibika mbele ya Mellen, narudi Kisii na sufuria zangu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimenunua aluru. Watu wa hapa humtia aluru ndani ya kikapu, wakakitundika juu ya mti mrefu. Alfajiri anaimba, wenzake wa porini wanakuja, wananaswa na vitanzi chini. Hakuna bunduki wala kukimbizana. Hata mwoga anaweza! Phelesia wa sokoni aliapa kwamba wangu ana sauti ya kwaya. Mpaka sasa hajatoa hata mlio. Jared alimchungulia, akacheka, akasema nimeuziwa jike, na jike haimbi. Nikamjibu kwamba anapumzisha koo.

Tena ananihurumia, jambo baya zaidi. Akanishauri bila kuulizwa: chukua ndege wa kula tu, majike uwaachilie, choo ukichimbe mbali na maji, moto uumwagie maji mpaka jivu lipoe, usilale kwenye njia ya mwenyewe. Nikasema hayo nayajua. Halafu nikamuuliza, hivi hivi tu, kama huko kuna fisi. Akasema fisi si kitu. Si kitu ukilinganisha na nini? Ugali umenishinda.

Alhamisi, 8 Agosti, jioni

Tumefika Kuja. Naogopa, lakini mto huu unatoka kwetu. Kule Kisii tunauita Gucha, nimeoga humo tangu utotoni. Utanifanya nini?

Jared kapiga hema juu kwenye mawe na miiba. Maskini! Mimi nimepata mahali pa chifu. Njia pana, nyasi fupi utadhani zimefyekwa, inashuka moja kwa moja hadi majini. Samadi ipo, lakini imerushwa juu ya vichaka, chini safi. Ng'ombe wa huku wana adabu.

Jared akaja mbio, akaniita omera, yaani ndugu, akaniuliza mwenyewe akirudi nitamwambia nini. Nikasema nitamsalimia na kumwomba radhi. Akataka kuendelea, nikamwambia asinifundishe mto wa kwetu. Akaenda zake akitikisa kichwa. Mzee Omanga, Mkisii mwenzangu, ameniamini. Kaweka hema lake mbele ya langu, karibu na maji, apate upepo. Mellen kaenda kulala kwa shangazi yake, boma la karibu. Afadhali, asinione nikiogopa.

Jua limezama. Majini kuna kitu kinapumua. Ni upepo tu. Lakini upepo haupigi chafya.

Ijumaa, 9 Agosti

Naandika nikiwa juu ya mti. Wananiambia nishuke. Sishuki.

Sikupata usingizi. Kulipoanza kupambazuka nikasikia vishindo. Nikadhani ni Jared amekuja kunitisha, nikamwambia arudi kwake. Akakoroma. Nikatoa kichwa nje. Kiboko! Nilimwita mama, nikamwita marehemu baba, nikamwita hata Jared. Mzee akatoka mbio na blanketi lake. Kiboko akalivaa hema langu shingoni, akalikanyaga la Mzee likiwa tupu, akaingia majini. Nilifikaje huku juu, sijui. Niliogopa mpaka miguu ikaenda bila mimi.

Aluru wangu ametoroka. Jared kanasa wa kutosha, kaachilia majike. Anasema kiboko hutoka majini kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Nani ana haja ya njia mbili? Mellen amenipandishia chai kwa kamba. Nusu ikammwagikia Mzee.

Jumapili, 11 Agosti

Kiongozi ni mimi! Jana, siku ya Sabato, kanisani Mzee alisimama akasema wakati Jared anakoroma, Bogonko alikesha, na sauti yake ndiyo iliyomwokoa. Watu wakasema amina. Mellen alinitazama mimi. Jared aliomba achague yeye mahali pa kambi. Nikakataa. Jahazi halina manahodha wawili.

Leo nimekwenda mwenyewe kutafuta mahali, roho mkononi. Ile njia ya juzi sitaikanyaga tena. Ile ni ya kiboko. Lakini baada ya kona ya mto nimeona nyingine, pana zaidi, nyasi fupi zaidi, samadi yote juu ya vichaka. Hapa hawezi kuja, ana yake. Vijana nitawapanga katikati. Jiko la Mellen nitaliweka chini kabisa, karibu na maji, asichoke kuchota.