Paneli Zangu Nazo Zishike Sabato

Ijumaa, 7 Novemba
Jioni. Paneli zangu nane zimefanya kazi wiki nzima juu ya mabati. Kazi yazo inahesabiwa mpaka Nairobi, kwa lile jengo la ofisi anamofanya kazi Emily wangu! Mtoto anapanda lifti mpaka orofa ya saba kwa jua la hapa kijijini Manga. Na mimi niliishia darasa la nne! Nimezitazama mpaka shingo ikauma. Kisha nimepanda ngazi, nikazifunika turubai. Sabato inaingia. Hata ng'ombe anapumzika.

Jumapili, 9 Novemba
Onyiego, fundi wa kampuni ya sola, amepiga simu. Akiwa Kisii mjini anaona paa langu kwenye simu yake! Anauliza mbona paneli zinakufa kila Jumamosi. Nikasema mawingu. Akauliza ni mawingu gani yanayochagua siku. Anasema zikilala tena, kampuni itazihamishia kwa jirani yangu Bochaberi, ambaye tayari ana nane, na maringo kumi na sita. Chakula kimenishinda. Emily akikwama kwenye lifti, nani atamsikia?

Jumatano, 12 Novemba
Nimepata akili! Bochaberi ni Mkatoliki. Nimemwomba paneli zake zifanyie zangu kazi Jumamosi, zangu zifanyie zake Jumapili. Amecheka mpaka akashika mbavu. Ati, "Mama Emily, tangu lini bati likabatizwa?" Lakini hakusema hapana. Hiyo kwangu ni ndiyo.

Jumapili, 16 Novemba
Jana zangu zimelala vizuri. Leo Bochaberi akiwa misa nimepanda paa lake, nikafunika zake kwa turubai langu. Makubaliano ni makubaliano. Aliyeniona ni mbwa tu.

Jumatatu, 17 Novemba
Wee! Onyiego amekuja mwenyewe. Bochaberi yuko mbele, ameshika turubai kama bendera. Ati nikitaka kulala nilale, nisilaze kijiji kizima. Nikakiri yote. Nikalia: msiziondoe, mtoto wangu yuko orofa ya saba!

Onyiego akakaa kwenye jiwe, akacheka, akapangusa macho. Kisha akanieleza polepole, kama mwalimu mzuri. Umeme wangu hausafiri mpaka Nairobi. Unaingia kwenye nguzo hapa hapa, unasaga mahindi kwa posho mill, unawasha taa za shule. Lile jengo linaandikiwa tu kwenye vitabu vya kampuni kwamba kiasi hicho ni chake. Lifti ya Emily haijakwama hata siku moja.

Ajabu! Paa moja linasaidia Manga na Nairobi pia! Waliofikiria jambo hili Mungu awabariki, kama walisoma ama hawakusoma. Nikaahidi turubai halitapanda tena. Onyiego akaniachia paneli zangu, akanywa chai vikombe vitatu. Bochaberi akasema yeye ni shahidi, na turubai litakaa kwake.

Ijumaa, 21 Novemba
Ahadi ni ahadi. Turubai sijaligusa. Lakini jua linashuka, na roho haitulii.

Kuhusu blanketi, Onyiego hakusema kitu.

Nimefunika nne tu. Zile nne zingine, kuanzia leo, ni za Kikatoliki.