Mforosadi wa Halmashauri Mbili

Jumatatu, 3 Juni.
Gari langu jeupe limeamka na madoa ya zambarau kama limeugua surua. Ni huu mforosadi wa uani! Juni ikiingia, unadondosha matunda yake meusi mchana kutwa. Na Jumamosi namchukua Jelisaveta, binti wa mwoka mikate, kumpeleka kanisani kuolewa. Arusi yangu ya kwanza kama dereva. Nikiipatia, za kiangazi chote zitanifuata. Baba yake kaniambia wazi: doa moja tu, bi harusi anapanda gari la Srećko. Srećko, jirani yangu! Gari lake jeusi, na roho vilevile.
Nimeamua. Mti unakatwa.

Jumanne, 4 Juni.
Nimekwenda halmashauri yetu, Vrbik. Mama wa dirishani akauliza shina nene kiasi gani. Nikaikumbatia hewa, nikamwonyesha. Akasema unene huo haukatwi bila kibali, na kibali hakitoki bila kamati kuja kuutazama. Lini? Watakapopata nafasi. Nikajaza ombi, nimenuna.
Jioni Srećko, huku akitema kokwa za cheri juu ya ukuta wetu, akajigamba kwamba shemeji yake wa Topolnik, halmashauri ya jirani, kakata miti ya matunda bila kumwuliza mtu. Huko ndiyo sheria yao. Maskini, hakujua anaongea na kichwa cha aina gani.

Jumatano, 5 Juni.
Akili imenizidi hadi usingizi umekataa. Kiwanja chetu kina barabara mbili: ya mbele ni ya Vrbik, ya nyuma ni ya Topolnik. Na huku kwetu nyumba ni ya halmashauri ya upande lilipo geti. Basi geti lihame! Mbele nimeziba kwa matofali. Nyuma nimetoboa ukuta, nikabandika kageti ka banda la kuku. Bibi yangu Desanka akatoka na kahawa yake, akaukagua ukuta, akauliza kama shule niliiacha mimi au yenyewe ndiyo iliyonikimbia. Mchana Topolnik wakaniandikisha. Karani hata macho hakuinua.

Alhamisi, 6 Juni.
Nimeinua shoka. Halijatua, ofisa wa Topolnik huyo, kaja kukagua geti. Nikamwambia kwa madaha: mti wa matunda, bwana, kwenu ruksa. Akakubali: tufaha, plamu, cheri, nikate hata sasa hivi. Ila mforosadi kwao ni mti wa hariri. Zamani viwavi wa hariri walilishwa majani yake, na kila mforosadi mzee unalindwa kama mnara wa kanisa. Akaupigilia kibao cha namba, akaondoka.
Muda si muda, sauti huko mbele. Kamati ya Vrbik! Wana kibali mkononi, wanatafuta geti. Nikapanda juu ya ukuta, nikawapungia. Mwenyekiti akayatazama matofali, akanitazama mimi.
“Kijana, wewe sasa ni wa Topolnik. Sisi hatukati miti ya wenyewe.”
Akakichana kibali. Taratibu, tena.

Ijumaa, 7 Juni.
Sawa, mti ubaki. Gari nimeliosha, linang'aa. Nikaliwasha nilipeleke kwa shangazi likalale salama. Kageti ka kuku hakapitishi hata pua yake. Nikapiga simu Topolnik: kupanua geti ni kwa kibali. Nikakimbilia Vrbik kuomba niyabomoe matofali ya mbele: mkazi wa Topolnik habomoi kitu kwenye barabara yao bila kibali. Nimerudi, na forosadi zinalidondokea gari.

Jumamosi, 8 Juni.
Tarumbeta zimepita. Nilikuwa juu ya ukuta. Gari jeusi, maua meupe, Jelisaveta ndani kapendeza. Srećko akapunguza mwendo makusudi.
“Ndugu yangu, shuka basi ule nyama. Au na kushuka kunataka kibali?”
Bibi Desanka akaja kunituliza. Akasema uani kuna nafasi tele chini ya mplamu, na plamu bado mbichi. Kwa nini tangu Jumatatu sikulisogeza gari pale? Nikacheka. Watu wasio na mipango ndivyo wanavyowaza.
Mimi nimeshasikia kwamba ng'ambo ya mfereji kuna halmashauri ya tatu, na huko unakata mti wowote, hata wa hariri. Kweli, kiwanja chetu hakifiki mferejini.
Bado.