Fito Ishirini za Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe kaniuliza kama fito zake zimekauka. Nikamjibu zimekauka kabisa. Uongo mtupu. Miezi mitatu iliyopita alinituma nikate fito ishirini za mishale, nyembamba, nyoofu, zisizo na vifundo, nizifunge pamoja zikaukie kivulini. Akizikubali Ijumaa, nafasi ya karakanani kwake, anakotengeneza pinde na mishale, ni yangu. Akizikataa, ni ya shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tayari amekalia stuli. Sijakata hata moja. Nashukuru hakuomba kuziona.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata zote ishirini asubuhi. Zimenyooka, ila mbichi, zinatoa maji. Jirani yetu mwoka mikate kanikubalia niziweke tanurini. Roho nzuri kama ile sijaona. Nilimwambia ni dawa ya mgongo wa baba mkwe.

Jumatano, 6 Machi
Zimekauka. Pia zimepinda, kila moja kwa njia yake. Mikate inanuka moshi, wateja wameirudisha. Mwoka mikate kaniomba, kwa upole, nisipite tena mlangoni kwake. Namshukuru kwa ule upole.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeokoka! Nyanya za mama mkwe zimeegemezwa kwenye fito za mwaka jana, kavu, nyoofu. Alipokwenda sokoni nimeng'oa ishirini, nikachomeka zangu zilizopinda. Nyanya zimeinama kidogo tu. Mke wangu kauliza mbona nina udongo magotini. Nikasema nilikuwa naomba dua. Kaguswa, maskini.

Ijumaa, 8 Machi
Baba mkwe alizibiringisha mezani moja moja, akazipinda taratibu, sikio karibu kusikiliza kama zina ufa. Mbili akaziweka kando. Kuhusu kumi na nane zilizobaki akasema hakutegemea niwe na subira kiasi hiki. Machozi yakanitoka, ya kweli. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Shemeji akainuka kwenye stuli.
Mara mama mkwe akaingia, ufito uliopinda mkononi. Akanitazama, akamtazama mumewe anavyotabasamu, akauweka ufito nyuma ya mlango. Akasema amekuja kunipongeza. Nikiishi miaka mia sitaweza kumlipa.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kanikabidhi jembe. Nyanya zilizoanguka ni kazi yangu hadi zivunwe. Nimempigia magoti, nimeapa nimekoma.
Mchana baba mkwe akanituma tena: mti wa upinde, uliokauka mwaka mzima. Kanipa mwaka huo wote, mzee mwenye huruma. Sioni sababu ya kumchelewesha. Jioni nimeupima mpini wa jembe. Mkavu, hauna kifundo, na mama mkwe ana jembe jingine.